Jino Lililosingiziwa

Alasiri moja ya majira ya kusi, barazani pa nyumba moja ya Ngamiani katika mji wa Tanga, nilimwona mtoto wa kiasi cha miezi saba amepakatwa na bibi yake, ameukamata upindo wa kanga ya ajuza yule kwa mikono yote miwili, ameutia kinywani na kuutafuna kwa juhudi na ghadhabu, utadhani kilichokuwa kikimsumbua kilijificha ndani ya nyuzi za nguo ile. Udenda ulimchuruzika kutoka mdomoni hadi kidevuni, na kutoka kidevuni hadi kifuani, na mahali ulipopita ngozi ilikuwa imeiva wekundu. Shavu moja lilimwaka kuliko la pili. Na kila alipochoka kutafuna alilia kilio kifupi, kikavu, cha malalamiko zaidi kuliko cha mateso, kisha akairudia kanga yake. Jirani aliyekaa upande wa pili wa baraza, akichagua mchele katika uteo, aliinua macho akauliza, "Shoga, mumeo leo ana nini? Mgonjwa?" Bibi hakujibu upesi. Alimgeuza mtoto, akampitishia mgongo wa kiganja chini ya shingo, akautuliza hapo kitambo, akamtazama machoni, ndipo aliposema, "Si mgonjwa, shoga. Yumo katika meno."

Jibu lile fupi lilibeba hukumu mbili: ya kwanza kwamba maumivu yapo, maana hapakuwa na mtu wa kuyaona machozi yale akayakana, na ya pili kwamba maumivu hayo si maradhi. Sisi watu wazima tumezoea kuviona vitu hivi viwili vikienda pamoja hata hatuwezi kuvitenga. Mmoja wetu aumwapo jino, aghalabu huwa limeoza, na busara ya mitaani humwambia kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Lakini mtoto mchanga aumwapo jino, jino hilo ni zima, jipya, halijapata kuonja hata chembe ya wali, na uchungu wake ni uchungu wa kitu chema kinachofika mahali pake. Ni miongoni mwa mara za kwanza katika aushi ya mwanadamu kuumia kwa sababu ya kukua, na ni miongoni mwa mara za kwanza kwa mzazi kukabiliwa na kilio kisichokuwa na mkosaji. Nami kadiri ninavyolifikiri jambo hili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mengi katika masaibu yaliyowapata watoto wachanga kwa ajili ya meno yao, tangu zama za kale hata leo, hayakutokana na meno hata kidogo, bali yalitokana na uzito wa wazazi na matabibu kukubali kwamba kilio cha namna hiyo chaweza kuwapo.

Kazi ya jino huanza gizani, mapema kuliko tudhaniavyo. Mimba ikiwa na umri wa wiki sita hivi, wakati ambapo mama mwenyewe pengine ndiyo kwanza anaanza kushuku hali yake, vichipukizi vya meno ya utoto vimekwisha kuanza kujipanga katika taya changa, na ufikapo mwezi wa nne huanza kuwa vigumu. Kwa hiyo mtoto tunayemcheka kwamba ni kibogoyo huja duniani na meno yake 20 yote, ila yamesitiriwa chini ya fizi yakingojea zamu. Mawili ya mbele ya taya la chini ndiyo hutangulia aghalabu, karibu na mwezi wa sita, ijapokuwa wako watoto wanaoyapata katika mwezi wa nne na wako wanaotimiza mwaka bila ya kuonyesha hata moja, na wote hao ni wazima. Hufuata ya juu, kisha ya pembeni, kisha magego ya kwanza baada ya mwaka, kisha chonge, na mwisho magego ya nyuma, hata jeshi lote likatimia mtoto akikaribia umri wa miaka mitatu. Mpango huu hauna haraka wala hausikii amri. Hakuna mzazi awezaye kuusukuma mbele kwa siku moja, wala mganga awezaye kuurudisha nyuma, na labda hiyo ndiyo sababu watu wamekuwa wakiuonea wahaka.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na mawingu ya jino huonekana na kila mwenye macho: udenda, hasira, usingizi wa kukatikakatika, vidole kinywani, chakula kukataliwa, sikio kuvutwavutwa. Lakini si kila wingu hunyesha. Udenda huanza kumwagika tangu karibu na mwezi wa tatu, mate yanapozidi ilhali mtoto hajajua kuyameza vema, na katika umri huo huo mkono hugundua njia ya kwenda mdomoni na tangu siku hiyo hauisahau. Hivyo mtoto aweza kulowesha kifua miezi kadhaa pasiwepo jino linalobisha hodi. Shahidi wa kuaminika ni ufizi wenyewe. Mama aliyenawa mikono na kupitisha ncha ya kidole juu ya ufizi wa mbele husikia ukingo mgumu ambao jana haukuwapo. Akimwelekeza mtoto kwenye mwanga huona ufizi umevimba na kung'aa, na chini ya ngozi nyembamba pana mstari mweupe usiozidi unene wa uzi. Wakati mwingine huona uvimbe wenye rangi ya zambarau, naye akafadhaika, kumbe ni damu kidogo tu iliyojikusanya juu ya jino lijalo, nayo huondoka kwa hiari yake. Kisha hufika asubuhi ambapo mtoto analishwa uji, na kijiko, ambacho siku zote kilikuwa kikiingia na kutoka kimyakimya, kinagonga kitu. Sauti ile ni ndogo mno. Mama husita, akakigonga tena kwa makusudi apate yakini, akagonga mara ya tatu kwa furaha, kisha akamwita aliye karibu naye, awaye yote, aje asikie.

Kabla ya asubuhi hiyo, lakini, pana usiku wa kupitisha, na mambo yawezayo kufanywa katika usiku huo ni machache na madogo kiasi cha kumwaibisha mtu anayetaka kuonekana shujaa. Ufizi husuguliwa polepole kwa kidole safi. Kitambaa safi huloweshwa maji baridi, kikakamuliwa, mtoto akapewa akitafune; au kijiko hutiwa katika maji ya mtungini hata kikapoa, kikakandamizwa juu ya ufizi; lakini si barafu yenyewe, kwani barafu huunguza ngozi changa. Kidevu hupanguswa na kukaushwa, kisha kikapakwa mafuta kidogo ili mate yasiichubue ngozi. Ziwa hutolewa kila linapotakiwa, na hata pale mtoto anapolikataa katikati ya kunyonya kwa kuwa ufizi umemuuma, hutolewa tena baadaye pasipo kinyongo. Usiku ukiwa mzito kupita kiasi, parasetamoli ya watoto, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake na kwa shauri la mganga wa zahanati, yaweza kumpatia usingizi. Aspirini hapewi mtoto abadani, wala asali haitiwi kinywani mwa aliye chini ya mwaka mmoja hata ikiwa ni ya nyuki wa msitu gani, na ushanga wa shingoni, uitwao wa dawa au wa urembo, waweza kumkaba usingizini. Baada ya hayo yote linabaki lile kubwa kuliko yote, nalo ni kubebwa. Hakuna hata moja kati ya haya liondoalo jino au liletalo jino. Yote ni ya kuliwaza, na kuliwaza ni amali ambayo dunia huihesabu chini ya kutibu, kwa sababu haiachi alama wala haina ujira.

Na kwa kuwa binadamu huona haya kukaa bure mbele ya machozi, alianza zamani kumtafutia mtoto mkosaji, na mkosaji aliyekuwa karibu zaidi alikuwa jino. Hippocrates wa Uyunani, anayeitwa baba wa utabibu, aliandikiwa miongoni mwa semi zake kwamba meno yanapoota huleta muwasho wa fizi, homa, degedege na kuhara, hasa zinapotoka chonge. Na tuhuma hiyo, iliyoandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ilirithiwa na matabibu kizazi baada ya kizazi. Huko Ufaransa katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme, aliitwa kuuchunguza mwili wa mtoto wa miezi minane wa mtawala wa Nevers. Alitafuta sababu ya kifo asiione, hata alipoupasua ufizi akayakuta meno yamekaa tayari kutoka, na hapo akakata shauri kwamba lau ufizi ule ungalichanjwa mapema mtoto angaliishi. Maskini Paré aliona kile ambacho angalikiona katika kila mtoto wa umri ule, mzima au maiti, akakiita muuaji. Tangu hapo wembe wa kuchanjia fizi uliingia katika mikoba ya madaktari wa Ulaya, ukakaa humo kwa takriban karne tatu. Katika mji wa London, John Graunt alipochapisha mwaka wa 1662 hesabu ya vifo vya mji wake, sababu mojawapo iliyoorodheshwa ilikuwa "meno na minyoo".

Wembe ulipoanza kuchukiza, zilikuja chupa na vikaratasi vya unga. Marekani katika karne ya 19 ilikuwa na sharubati mashuhuri ya kuwatuliza watoto walioota meno, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, nayo kweli iliwatuliza, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mofini, na wengine waliotulizwa hawakuamka tena. Uingereza na kwingineko akina mama waliuziwa unga wa meno uliochanganywa na zebaki. Watoto waliolambishwa unga ule wakawa wekundu wa viganja na nyayo, wenye maumivu, wasioweza kuvumilia mwanga, na baadhi yao meno yakawalegea yakadondoka, hata dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya meno ikawa ndiyo iyaondoayo. Ugonjwa ule ulistaajabisha watu miaka mingi, hadi mwaka wa 1948 Josef Warkany na mwenzake walipotangaza kwamba sababu yake ni zebaki; na unga wenyewe ulipoondolewa madukani Uingereza mwaka wa 1954, ugonjwa nao ukatoweka. Sisemi haya kwa kuwacheka waliotutangulia. Kila aliyechanja alidhani anafungua mlango uliokuwa umefungwa, na kila aliyelambisha alilambisha kwa mkono wa mapenzi. Nataka tu kuonyesha ya kwamba mapenzi yakikosa subira huweza kumtafutia mtoto dawa ya kitu ambacho si ugonjwa, hata dawa ikawa ndiyo ugonjwa.

Lakini kwa nini jino, wala si sikio au pua? Kwa sababu jino lilikutwa mahali pa tukio. Karibu na mwezi wa sita mambo mengi humjia mtoto kwa pamoja. Kinga aliyoirithi kwa mama yake kabla ya kuzaliwa huwa imepungua, na yake mwenyewe haijakomaa. Huanza kuonja uji, na pamoja na uji maji, na pamoja na maji uchafu wowote uliomo ndani yake. Huanza kuketi, kutambaa, kuokota, na kila akiokotacho hupita kinywani. Mbu humkuta uchi wa kinga, vijidudu vya tumbo humkuta mlangoni. Akaharisha, akapata homa. Wazazi wakafungua kinywa na tazama, kuna jino! Wenye hekima walisema lisemwalo lipo, na hapa lililopo lilionekana kwa macho, ilhali vijidudu havionekani. Katika mji wa Cleveland, Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2000 uliwafuata watoto 125 siku kwa siku mpaka yalipohesabika meno 475 yaliyotokeza, nao ulipata kwamba kutafuna, udenda, hasira, kukosa hamu ya chakula kigumu na joto la mwili kupanda kidogo hufuatana kweli na jino, kwa siku chache kabla na siku chache baada. Lakini kikohozi, kuhara na homa kali havikuwa vyake. Baada ya karne nyingi kizimbani, jino lilipata wakili.

Kwetu hukumu hazikuwa laini zaidi. Ilikuwapo katika sehemu za pwani na bara yake, na khofu yake haijaisha pote, itikadi kwamba mtoto anayeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini ni kigego, naye huwaletea wazazi wake nuhusi. Na walikuwapo vigego waliotupwa au kuuawa kwa sababu ya mpangilio wa meno mawili, jambo ambalo kwa tabibu wa leo halina uzito kuliko mtoto mmoja kutembea kabla ya mwenzake. Hilo tumelishutumu, twajiona tumeendelea. Hata hivyo katika nchi yetu, tangu miaka ya 1980, imeenea khofu nyingine yenye jina la kisasa, meno ya plastiki, au meno ya nailoni kama wengine wasemavyo, na nduguze wanajulikana Uganda kwa jina la ebinyo. Mtoto huharisha, huchemka homa, mama hupelekwa kwa mtu mwenye sifa, mtu huyo huufungua mdomo wa mtoto, akaonyesha mahali panapoota chonge, ambapo kweli ufizi umeinuka na una weupe, akasema, "Haya hapa." Kisha hupenyeza spoki ya baiskeli au ncha ya kisu, akakidukua kichipukizi cha jino kutoka mahali kilipokuwa kikikua. Kitokacho ni laini, cheupe, hakifanani na jino tulijualo, nacho huwekwa katika kiganja cha mama kuwa ushahidi. Naye huamini; nani asiyeamini kilicho kiganjani mwake? Mtoto huvuja damu, hupatwa na vidonda vya maambukizo na pengine pepopunda, na akisalimika, chonge ya ukubwani, ambayo mbegu yake ilikuwa jirani na ile iliyodukuliwa, huja imepinda au haiji kabisa. Jino la pembe si dawa ya pengo, na pengo hili lilifanywa kwa mkono.

Simlaumu mama yule, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na aliyekesha na mtoto anayekauka mikononi mwake hana nafasi ya falsafa. Na kuhara aghalabu hukoma kwenyewe baada ya siku kadhaa, basi kukikoma baada ya spoki, spoki hupata sifa. Lakini kilichokuwa kikimuua mtoto ni kupungukiwa na maji mwilini, na dawa yake ilikuwa pakiti ya ORS iliyokorogwa katika maji safi na kunyweshwa kidogo kidogo, pamoja na ziwa la mama. Hapa ndipo singizio linapodhihirisha udhalimu wake wote: mtuhumiwa asiye na hatia anaadhibiwa, na wakati watu wote wamemzunguka yeye, mwizi mwenyewe anatoka kwa mlango wa uani.

Singizio hilo lina sura ya pili, iliyo tulivu na kwa hiyo ya khatari zaidi, nayo huvaa nguo za subira. Mtoto ana homa siku ya pili, halishiki ziwa, macho yameingia ndani, analala usingizi usiomfaa, na mtu mwenye nia njema, ambaye pengine ni shangazi aliyelea wengi, asema, "Ni meno tu, yatapita." Maneno haya yamezika watoto kama spoki ilivyowazika, kwa kuwa malaria haisubiri wala kichomi hakisubiri. Joto lifikalo nyuzi 38 si la jino. Kuhara kwa maji si kwa jino. Degedege si la jino. Na kwa kila moja la hayo, njia ni ya zahanati. Kwa hiyo mgongo wa kiganja uliopita chini ya shingo ya mtoto wa Ngamiani, kabla ya jibu kutolewa, una thamani kuliko jibu lenyewe. Ajuza yule hakusema "si mgonjwa" kwa uzembe wala kwa mazoea. Alipima kwanza, kisha akahukumu. Subira ya kweli ina macho, na subira isiyochunguza ni usingizi uliopewa jina zuri.

Naona jambo hili linazidi mipaka ya fizi. Katika nyumba na katika jamii tunazungukwa na vilio, vingine vya maradhi na vingine vya kukua, navyo husikika kwa sauti moja. Kijana anayejifungia chumbani akiwa na miaka kumi na minne, bibi arusi anayelia usiku wa kwanza ugenini, mjane anayesema peke yake jikoni, hawa nao wamo katika jambo fulani, na pengine hawahitaji kuchanjwa. Pengine wahitaji kitambaa baridi, na mtu wa kukaa karibu nao asiyeuliza maswali mengi. Lakini pengine mmoja wao ana homa hasa, na kumwambia kwamba yatapita ni kumwacha afe kwa adabu. Hakuna kanuni inayotenganisha hali hizi kutoka mbali. Ni lazima kusogea, kunyoosha mkono, kugusa. Kwa mbali watu wote huonekana ama wagonjwa ama wadeka, na wanaotoa hukumu kali kabisa, za wembe au za kupuuza, aghalabu ni wale ambao hawakusogea.

Na tunamtumikia mtu asiyeweza kukumbuka. Hakuna aliye hai ajuaye jino lake la kwanza lilimuumaje, wala ni nani aliyezunguka naye uani usiku ule. Deni hilo kila mwanadamu analo, wala hapana aliyeombwa kulilipa. Fauka ya hayo, meno yenyewe hayadumu. Mtoto akifika miaka sita huanza kulegea, yakang'oka moja moja, yakatupwa juu ya paa kwa vicheko, na mapengo yakawa fahari ya darasa la kwanza. Mtu mwenye hesabu kavu angeuliza faida ya kukesha kwa ajili ya kitu kitakachotupwa juu ya bati. Jibu ni kwamba meno ya utoto ndiyo yanayoshika nafasi ya yale yatakayobaki. Yakiondolewa kabla ya wakati, yajayo nyuma hukosa mahali pake, yakaja yamesongamana na kupinda. Mengi katika malezi ni ya namna hiyo, ya kupita, nayo hushika nafasi ya mengine ambayo mlezi pengine hatayaona. Basi mtoto aliapo na udenda ukimtoka, naomba kila mlezi amguse kwanza shingo, kisha ufizi. Akikuta homa, aondoke naye saa hiyo hiyo, asimsingizie mtu wala jino. Na asipokuta kitu ila ufizi uliovimba na mstari mweupe, ampakate, wala asitafute mkosaji, maana hapana kosa lililotendeka: mtu anakua.